Aliyeshukuru Hadi Mashine: Mzee Wakhungu Anastaafu

Jumamosi hii, tarehe 31 Oktoba 2009, Mzee Hesbon Mukhisa Wakhungu anastaafu baada ya kulitumikia Ghala la Mkulima kwa miaka sita, miezi minne na siku kumi na saba. Hakulipwa hata senti, kwa hivyo hana pensheni. Hakuwa na bosi, kwa hivyo barua ya kustaafu alimwandikia mkewe, Mama Wilkista. Mama Wilkista aliipokea, akaisoma, akamjibu kwa mdomo kwamba ombi lake limekubaliwa na ng'ombe wanamsubiri.

Kwa wageni watakaokuwa nasi ukumbini Kiminini na hawalijui Ghala, ni tovuti ya ukulima kwa Kiswahili. Yeyote anaweza kuandika humo, na yeyote anaweza kurekebisha alichoandika mwenzake, jambo ambalo huleta maarifa mengi na ugomvi kiasi. Ofisi hatuna. Wengi wetu tuko Bungoma na Trans-Nzoia, wachache Nairobi, na kwa miaka mingi tulijuana kwa majina tuliyojichagulia tu. Mimi ni Rebeka Jepchumba, mwalimu mstaafu na mkulima wa viazi kule Saboti. Ghalani naitwa Kifaru wa Saboti. Kamati ilinichagua niandike wasifu huu kwa sababu, kati ya wote, mimi ndiye niliyemsumbua Mzee Wakhungu zaidi. Mwenyekiti wetu, Phelista Nabwile, aliniomba ukurasa mmoja. Nimemwambia asubiri aone.

Mzee Wakhungu alikuwa karani wa stoo katika chama cha ushirika mjini Bungoma, na nyumbani kwake ni Sirisia. Juni 2003 aliingia katika saiba moja mjini, yaani duka la intaneti, kwa sababu ya ng'ombe wake aliyekuwa akizuia maziwa. Mhudumu alimfungulia Ghala, akasoma, akaenda nyumbani akafanya alichoambiwa, na maziwa yakashuka. Jumamosi iliyofuata, tarehe kumi na nne, alirudi kumshukuru mwenye ukurasa. Akaambiwa kwamba ukurasa ule hauna mwenyewe, umeandikwa na watu kumi na tisa. Mtu mwingine angecheka na kwenda zake. Yeye aliomba majina yao yote. Kuwashukuru kumi na tisa hao kulimchukua Jumamosi nne, na kabla hajamaliza, wengine sita walikuwa wameurekebisha. Ndivyo alivyojiunga nasi. Alikuja kusema asante, na hajamaliza hadi leo.

Kazi yake ilikuwa na utaratibu. Ijumaa alikaa nyumbani na daftari la kurasa mia mbili akiandika barua zake kwa kalamu, kwa maana saiba hutoza kwa dakika na fikira zake, alisema, ni za mwendo wa pole. Jumamosi, akishamaliza shughuli za soko, aliketi mbele ya kompyuta na kuzichapa barua kwa kidole kimoja cha mkono wa kulia. Vile tisa vingine vilipumzika. Kila mchangiaji aliyefanya lolote katika wiki hiyo alipata barua kwenye ukurasa wake, tena barua rasmi, yenye anwani, tarehe na kichwa. Nanukuu moja ya mwaka 2003, yenye salamu ya kwao, mulembe:

"Sanduku la Posta, Sirisia. Kwa Mchangiaji Nambari 212. Bwana au Bibi, YAH: NUKTA. Mulembe. Nimeona ya kwamba tarehe tatu mwezi huu uliweka nukta mwishoni mwa sentensi ya pili katika ukurasa wa Kupe. Kabla ya hapo nilikuwa nikisoma sentensi hiyo bila kupumua. Sasa napumua. Wako mwaminifu, H. M. Wakhungu."

Mchangiaji Nambari 212 alikuwa Kipkoech, mkulima wa mahindi wa Tongaren. Ameniambia kwamba siku ile aliiweka nukta hiyo kwa bahati mbaya alipokuwa akifukuza nzi kwenye kibodi. Lakini barua ilipomfikia, aliona haya kuwa amesifiwa kwa kazi ya nzi, akaamua afadhali afanye kitu cha haki. Leo karibu kila tunachokijua Ghalani kuhusu kuhifadhi mahindi kimetoka kwake.

Mzee hakupenda asante ya jumla. Ukimwandikia mtu "asante kwa kazi nzuri", alikuwa akisema, ni sawa na kusalimia umati wa watu sokoni, kila mmoja anadhani umemsalimia mwenzake. Ilikuwa lazima useme ni kazi gani, ya siku gani, na ilikusaidia nini. Waliohofia kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi nilikuwa kiongozi wao, walingoja maji hayo kwa miaka sita bila kuyaona.

Alimshukuru hata mharibifu. Mwaka 2005 mtu fulani alifuta ukurasa wote wa Mbuzi na mahali pake akaweka matusi ya herufi kubwa. Sisi tulikuwa tukitafuta njia ya kumfungia. Mzee Wakhungu akamwandikia kumshukuru kwa kutembelea Ghala, akamsifu kwamba ametukana bila kosa hata moja la maendelezo, jambo ambalo wengi wetu hatujaliweza, na akamwuliza kama angependa kutusaidia kwenye ukurasa wa Kondoo. Baada ya siku tatu mtu huyo akarudisha mbuzi wetu wote. Anaitwa Hillary. Siku hizi yeye ndiye mlinzi wetu dhidi ya waharibifu, na hakuna anayewajua tabia zao kama yeye.

Kisha kuna habari ya Roboti. Hiyo ni programu iliyowekwa na mwenzetu mmoja ili irekebishe viungo vya kurasa vilivyokatika, na kila irekebishapo huacha jina lake, Roboti. Mzee aliona jina hilo na hakulishangaa. Kama kuna Kifaru, kwa nini kusiwe na Roboti? Akawa anamwandikia kila Jumamosi. Alimsifu kwa bidii, akamwuliza hali ya mama watoto, na alipoona amefanya kazi hata siku ya Krismasi, akamwandikia kwa upole kwamba kazi haiishi, aende kanisani. Hili liliendelea kwa miaka miwili, maana hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia. Mwishowe Phelista alijikaza, akamweleza kwamba Roboti ni mashine. Mzee alifikiri kidogo, akasema aliyefanya kazi amefanya kazi, na Jumamosi iliyofuata barua ikaenda kama kawaida. Ya mama watoto tu ndiyo aliyoiacha.

Sasa nifike pangu, maana siwezi kupazunguka. Machi 2004, nikiwa bado sijawahi kuonana naye, nilifungua ukurasa wangu nikakuta barua yake ya aya tisa kuhusu neno moja nililosahihisha. Nilikuwa na haraka, na dakika zangu zilikuwa zinakwisha. Shukrani ya punda ni mateke, nami nilimpiga yangu. Nilienda kwenye ukurasa wake nikaandika: "Mzee, barua zako ni ndefu mno. Watu wana kazi. Fupisha." Alinijibu kwa barua yenye kichwa YAH: KUFUPISHA, na ndani yake mlikuwa na sentensi moja tu, ya kunishukuru kwa kuisoma ile nyingine hadi mwisho. Tangu siku hiyo hakuna barua yake iliyozidi mistari mitatu.

Mungu hachelewi kufundisha walimu. Mwaka 2006 nilimaliza ukurasa wangu wa Viazi. Niliuandika kwa miezi mitatu kutoka mashamba yangu matatu. Kinyua, mwenzetu wa Nairobi ambaye ni hodari sana wa kupanga kurasa, aliusoma asubuhi, na kufikia saa sita mchana ulikuwa umebaki mistari sita. Pembeni aliandika neno moja: "Imefupishwa."

Nilichomjibu Kinyua kilifutwa baadaye na kamati, nami siombi kirudishwe. Nilitangaza kwamba sitakanyaga tena Ghalani. Kemboi wa Endebess na Cheptoo wa Cherangani wakaacha kuandika ili kunionyesha kwamba wako nami. Sikuwaomba. Sawa, niliwaomba kidogo. Kwa wiki saba upande wetu wote wa milimani ulinyamaza. Watu waliuliza kuhusu mnyauko wa viazi, kuhusu kondoo, kuhusu pareto, na hapakuwa na wa kuwajibu. Phelista akaandika tangazo la huzuni kwamba hali isipobadilika, mwisho wa Agosti Ghala litafungwa. Kinyua aliomba radhi, lakini mimi sikuwa nikisoma. Mzee Wakhungu naye aliniandikia barua saba za mistari mitatu mitatu, na hizo pia sikuzifungua.

Ndipo Jumanne ya tarehe 8 Agosti mwaka huo alipotoka Sirisia na jogoo.

Hapa watu wa Bungoma hawahitaji maelezo, na wa milimani pia hawatashangaa. Kuna asante inayotosha kusemwa, na kuna ile ambayo bila manyoya bado haijafika. Mzee alikuwa na jogoo mwekundu ndani ya katoni ya mafuta ya kupikia iliyotobolewa matundu, na alikuwa na habari moja tu, kwamba Kifaru wa Saboti hutumia saiba iliyo juu ya duka la mbegu karibu na soko la Kitale, siku za Jumanne. Hilo niliwahi kuliandika mahali na kulisahau. Hakujua jina langu wala sura yangu. Alichojua ni Kifaru, na alikuja akitafuta mwili wa kufaa jina hilo.

Mimi nilikuwemo humo. Ghala nilikuwa nimeliacha, lakini barua pepe za binti yangu sikuziacha. Nilikuwa kwenye kompyuta ya nne, na kitambaa changu cha Umoja wa Wanawake kichwani, nilipomwona mzee mwembamba mwenye koti akipanda ngazi. Wacera, mwenye saiba, alimwambia wanyama hawaruhusiwi. Mzee aliusoma ukutani ule ubao wa masharti, taratibu, wote, kisha akamwonyesha kwamba umekataza chakula, vinywaji na picha chafu, na jogoo wake bado si chakula. Akalipia dakika thelathini ili awe na haki ya kukaa.

Kisha akaanza kumtafuta Kifaru. Alimwuliza mwuza nyama mmoja mwenye shingo nene, akakana. Akamwuliza askari aliyekuwa akichapa ripoti, naye akamwuliza kwa nini anataka kujua. Jogoo akawika. Kijana mmoja aliyekuwa akijaza fomu ya bahati nasibu ya kwenda Amerika alishtuka akabonyeza asichokusudia, na fomu yote ikapotea. Mzee akamwomba radhi na kumshukuru kwa uvumilivu, kwa kirefu. Muda wote huo mimi nilikuwa nimeikazia macho skrini iliyojizima kwa kutoguswa. Nilijua ananitafuta mimi. Nilinyamaza kwa ukaidi, na ukaidi ulipoisha nikanyamaza kwa aibu.

Dakika zake zilipokaribia mwisho, Mzee alisimama katikati ya chumba, akatoa daftari, akasema ataisoma barua ili yeyote anayemjua Kifaru amfikishie. Akasoma:

"YAH: VIAZI. Mulembe. Uliandika tusipande viazi mahali palipotoka nyanya. Nilikuwa nimeshachimba mashimo, nikaacha. Jirani yangu hakuacha, na sasa anakula vyangu. Wako mwaminifu."

Alifunga daftari. Akautazama umati ule mdogo kama mtu aliyewapa wageni chai bila mkate, akasema: "Ilikuwa refu. Lakini yeye mwenyewe aliniambia nifupishe."

Nilisimama. Sijui miguu ilipata wapi amri. Nikamwambia Kifaru ni mimi. Alinitazama, akaitazama katoni, akanitazama tena.

"Kumbe ni mama," alisema. "Ningejua, si ningeleta kuku ya kutaga, bana."

Saiba nzima ilicheka, na mimi nikacheka nao, huku machozi yakinitoka. Tulishuka tukanywa chai. Nilijaribu kujisimamisha tena kwenye hasira yangu, nikamweleza kwamba nimeshukuru lakini sirudi. Hakubishana. "Sikukuja kukuambia urudi, Mwalimu," alisema. "Nilikuja kusema asante tu. Hiyo ya kurudi ni yako." Akamaliza chai, akaniachia katoni, akaenda kutafuta gari la kupitia Kiminini.

Nilikuwa nimebakiwa na dakika kumi na moja. Nilipanda ngazi na jogoo wangu, nikafungua Ghala, nikasoma mistari sita ya Kinyua. Mitano ilikuwa mizuri kuliko yangu. Wa nne ulikuwa na kosa, nikaurekebisha, na pembeni nikaandika barua ya kumshukuru Kinyua kwa ile mitano, mmoja mmoja. Kemboi na Cheptoo walirudi wiki hiyo hiyo. Agosti ikaisha na Ghala likabaki wazi, na mwezi uliofuata mtu wa Kapsokwony akatuandikia kwamba ukurasa wa Viazi umemwokolea shamba. Mume wangu, Kigen, alinoa kisu mara mbili kwa ajili ya yule jogoo, na mara mbili nikakificha kisu. Jogoo alizeekea Saboti akiwa na ukoo mkubwa.

Ninaandika haya kwa raha, lakini kuna jambo moja ambalo lazima nilitaje, maana ndilo lililoufanya wasifu huu uvuke ukurasa mmoja. Nilipoanza kuuandaa, nilifungua ukurasa wa Mzee Wakhungu Ghalani ili nikusanye barua za shukrani alizoandikiwa yeye. Nilidhani kazi yangu itakuwa kuchagua. Mtu aliyejaza madaftari kumi na moja kwa kushukuru wenzake, ukurasa wake mwenyewe si utakuwa umefurika?

Palikuwa na ujumbe mmoja tu, wa Machi 2004. "Mzee, barua zako ni ndefu mno. Watu wana kazi. Fupisha."

Nilimpigia Phelista. Alidhani mimi nilishamshukuru, kwa vile aliniletea jogoo. Mimi nilidhani ni Phelista. Kinyua alidhani ni kamati. Kipkoech alidhani jambo la namna hiyo huandikwa na Mzee mwenyewe. Kinyozi hajinyoi, ni kweli, lakini sisi wenye nyembe tulikuwa wapi? Na jambo lililoniumiza zaidi ni hili: mwanachama akifungua Ghala, ukurasa wake mwenyewe ndio humtokea kwanza. Kila Jumamosi, kwa zaidi ya miaka mitano, Mzee Wakhungu alitoka Sirisia na daftari lake, akaketi, akasalimiwa na hilo neno langu, kisha akaanza kuwashukuru watu. Nililia, na sioni sababu ya kuficha.

Anastaafu kwa sababu ya macho. Anasema herufi sasa humjia mbili mbili, na haoni haki kumshukuru mtu mara moja akidhani ni mara mbili. Kwa hivyo kuujaza ukurasa wake leo ni bure, hatausoma. Tumeamua kwamba Jumamosi kila mmoja wetu atasimama ukumbini na kumsomea barua yake kwa sauti, yenye anwani, tarehe na kichwa, na kusema ni kazi gani, ya siku gani, na ilimsaidia nini. Mwenyekiti alipendekeza dakika moja kwa kila msomaji. Pendekezo lilipigiwa kura na likaanguka. Anayetaka kuwahi gari la jioni na asije.

Kinyua atasoma barua mbili, yake na ya Roboti. Ameniruhusu niidokeze hii ya pili: "YAH: BARUA ZAKO ZOTE. Nilizipokea. Krismasi hii nimepangiwa kupumzika." Kinyua ndiye aliyeiweka Roboti, naye ndiye aliyempangia.

Yangu ni hii, naitanguliza hapa endapo sauti itanikatikia:

Sanduku la Posta, Saboti. Tarehe 31 Oktoba 2009. Kwa Mzee Hesbon Mukhisa Wakhungu, Sirisia. YAH: KUFUTA AGIZO LANGU LA MACHI 2004. Mulembe. Nakushukuru kwa aya tisa ulizoniandikia mwaka ule kuhusu neno moja. Nimezitafuta nikazisoma tena, safari hii bila kutazama saa, na sikuona hata moja ya kupunguza. Nakushukuru kwa safari ya tarehe 8 Agosti 2006, kwa dakika thelathini ulizolipia, na kwa kutoniambia nirudi. Ungeniambia, nisingerudi, na leo pasingekuwa na Ghala la wewe kustaafu. Nenda ukawaone ng'ombe wako. Mungu akupe macho mapya, maziwa mengi, na Jumamosi tele za kukaa na Mama Wilkista. Ukitaka kumshukuru kwa jambo lolote, anza asubuhi na usifupishe.

Chini ya kiti changu, mstari wa pili kutoka mbele, kuna katoni yenye matundu. Kamati imekataza zawadi zenye uhai, lakini katazo hilo halijabandikwa ukutani. Ndani yumo mjukuu wa jogoo wako. Ameanza kutaga wiki iliyopita.